Nyoka Amegoma Kula, Mama Mkwe Ameshafika

Jamani, naandika haya nikiwa nimesimama. Kukaa siwezi. Leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa kwangu, mtaani Tshopo, mbele ya mtu ambaye heshima yake nimeitafuta kwa miaka minne.

Wanaonifahamu wanajua mambo mawili. Mimi ni fundi cherehani, na ninafuga chatu. (Ndiyo, chatu. Nilimkuta ndani ya gunia la makaa lililotoka njia ya Banalia, hafiki hata urefu wa rula yangu, nikamwonea huruma.) Nikamwita Sultani. Sasa ana unene wa mkono wangu, anaishi kwenye sanduku la wavu karibu na cherehani, na wateja wamepungua kidogo. Kidogo tu. Nusu.

Shida ni kwamba Sultani amegoma kula. Wiki ya saba hii! Nilimpa kifaranga, kifaranga akampanda mgongoni akalala usingizi. Nilimpa panya mzima. Panya akamng'ata, ikabidi nimwokoe. (Nyoka kuokolewa asiliwe na panya. Mezeni hiyo kwanza.) Ngozi imelegea, uti wa mgongo unahesabika. Sitanii, nilikuwa silali vizuri. Niliogopa kwamba atakufa mikononi mwangu.

Jana mke wangu Odette akaniambia: "Mama anakuya kesho na boti ya Yanonge. Donc ile kitu yako, ficha."

Hapo nieleze. Mama mkwe hajawahi kukanyaga kwetu tangu tuoane. Yeye ni mtu wa mto, benchi la mbele kanisani. Mimi ni Ramazani, mtoto wa msikitini. Alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake kaolewa na mtu asiyejua heshima ya wakwe. Kesi ikafungwa, na mimi sikuwapo. Nilitaka anipende, basi, sikutaka kingine.

Boti ya Yanonge haijawahi kufika mapema tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo nikajipangia: asubuhi namlisha Sultani, saa sita naoga, alasiri nampokea mama nikiwa nimevaa kanzu, nimenukia, nimenyooka.

Video moja kwenye simu ilisema nyoka anataka panya mwenye joto, tena anayetikisika. Panya nilikuwa naye, wa mtegoni, marehemu. Joto ninalo pia: pasi ya makaa. Nikamfunga kwenye kitambaa, nikampiga pasi. Pande zote mbili! (Fundi hafanyi kazi nusu.) Nikajifuta mikono kwenye kaptula, upande wa nyuma, nikamfunga panya uzi wa jinzi mkiani, nikalala kifudifudi sakafuni mbele ya sanduku.

"Sultani," nikamwambia, "leo ama wewe ama mimi. Hapa sitoki."

Nikavuta uzi. Panya akacheza. Sultani akaniangalia.

"Kwi, kwi, kwi," nikalia kama panya. Hakuna kitu. Nikabadilisha sauti. "Kula, chéri. Kula kidogo kwa ajili ya papa. Fungua kinywa. Aaaam! Moja tu."

"Bokilo?"

Bokilo ni mkwe, na mtu mmoja tu duniani ana haki ya kuniita hivyo kwa sauti ile ya kike. Nikageuza shingo. Mama mkwe mlangoni, kapu kichwani. Nyuma yake Odette, amefumba macho kama mtu anayesali. Boti imefika mapema. Leo!

Na mimi niko na kaptula peke yake. Mbele ya mama mkwe! Nikaruka, nikanyakua nguo ya kwanza iliyokuwa juu ya cherehani, nikaivaa. Ilikuwa gauni la mteja, la kumsindikiza bibi harusi. La waridi. Mkono mmoja bado sijaushona. (Lilinitosha, na hilo sitaki tulijadili.)

Lakini mama hakuniangalia mimi. Alimwangalia Sultani. Akashusha kapu polepole, na macho yake yakajaa machozi.

"Bokilo yangu," akasema, "mimi nilisemaka vibaya juu yako. Kumbe unanifugia nyama!"

"Nyama?"

"Weye mutu ya musikiti, haukulaka nyoka. Na bado unamunonesha, unamubembeleza akule! Juu ya mimi! Hata batoto yangu mwenyewe habajanifanyia hivi."

Kwao kule mtoni, nyoka mnono ni nyama ya kumkirimu mtu mkubwa. Nilijua hilo, nani asiyejua? Lakini kwetu haliwi, kwa hiyo tangu nimlete Sultani nyumbani sijawahi hata siku moja kumtazama nikaona chakula.

Mama ameshatoa simu. "Allô, Yanonge! Sikieni! Bokilo wangu, ule muislamu, anafuga nyoka muzima juu ya mimi! Ndiyo! Batu banasemaka tu, lakini ile kijana iko na heshima!"

Kisha akamgeukia binti yake. "Odette, sufuria kubwa iko wapi?"

Odette akaniangalia. Nikamwangalia. Nikisema hapana, nimempoteza mama mkwe dakika tatu baada ya kumpata. Nikisema ndiyo, nimempoteza Sultani. Moyo uliniuma kweli, cheka usicheke.

"Mama," nikasema, "bado iko mwembamba. Wiki saba hakuli."

"Na unamuangaliaka hivi, macho mpaka ndani ya kinywa?" Akatikisa kichwa. "Hata mimi singekula. Mutie kwa kitunga, funika, toka. Anenepe kwanza. Tutamupika dimanche."

Dimanche! Jumapili, siku nne! Nikamshukuru. (Mtu aliyeahirishiwa msiba hushukuru hata mwuaji.) Nikamtoa Sultani, nikamweka begani, nikainama kuvuta kitunga kilichokuwa chini ya meza.

Kichwa chake kikashuka mgongoni kwangu. Nilisahau kaptula. Ile niliyojifutia mikono. Yenye harufu ya panya wa moto.

Tako la kushoto, jamani. Kupita gauni, kupita kaptula! Akang'ata, akajizungusha pajani, akakaza.

Mtu mwenye akili angeomba msaada. Mimi, baada ya wiki saba, nilikimbia mpaka uani na gauni la waridi, nyoka ananing'inia nyuma, nikipiga kelele: "Anakula! Sultani anakula! Odette, kuya uone, amefungua kinywa!"

Ua mzima ukatoka. Tonton Basile, seremala wa mlango wa pili, akaja mbio na panga. "Simama, Rama! Nikate kichwa!"

"Usimuguse!" nikalia. "Iko mutoto yangu!"

Tonton Basile akashusha panga.

"Mutoto?" akauliza mama mkwe.

Basi nikasema. Nikiwa nimelala tumbo chini kwenye mchanga, nikasema yote. Kwamba si nyama. Kwamba nilimlea mwenyewe. Kwamba sikumfuga kwa ajili yake, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwake kuniita bokilo wangu, na ilikuwa tamu.

Mama alikwenda kwenye kapu lake akarudi na chupa ya lotoko, pombe kali ya kienyeji. (Dawa ya magoti, alisema. Hakuna aliyeuliza.) Akammiminia Sultani kinywani matone mawili. Sultani akaachia mara moja, amekasirika. Mama akamshika nyuma ya kichwa, bila haraka, akamtia kwenye kitunga, akamtupia panya wangu wa pasi, akafunika. Kisha akavuta kigoda akakaa mlangoni, asiingie mtu.

Saa nzima! Mimi uani, naoshwa kidonda na mke wangu, ambaye ameng'ata kitenge asicheke.

Mama akaniita, akafunua. Panya hayupo. Ila mkia, unaingia taratibu kwenye kinywa cha Sultani, pamoja na uzi wangu; nikauvuta ukatoka.

Nililia. Ndani ya gauni la watu, nililia.

"Bon," akasema mama mkwe. "Mutoto haliwi." Akafungua kapu, akatoa samaki wake wa moshi, akampa Odette apike. Halafu akachukua simu, akapaza sauti ile ile ya kuvuka mto.

"Allô, Yanonge! Non, si nyama tena. Iko mujukuu yangu. Ndiyo, nyoka. Amemuluma papa yake kwa matako. Non, non, hakuvaa suruali. Gauni! Robe ya rose!"

Basi nawaomba msicheke. Yanonge nzima imeshacheka kwa niaba yenu.