Viti vya Matanga Vinapumzika Jumatatu

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: MADAM DZIFA NA WATOTO WANAOMWONGOZA

Pokea salamu zangu za heshima. Ni mimi Opanyin Agyekum, mkodishaji wa viti na maturubai ya matanga hapa Bosompakrom, na mwenyekiti wa kamati yako ya wazazi. Mke wangu alinishauri nisiandike nikiwa na hasira, kwa hiyo nimesubiri mpaka nikamaliza chai.

Madam Dzifa aliporudi kutoka semina na hiyo elimu inayoongozwa na mtoto, mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Nilidhani ni jina tu, kama tulivyozoea. Kumbe mwenzetu ameichukulia kweli! Malalamiko yangu ni haya:

1. Madam aliwauliza darasa la nne wanataka kujua nini. Zamani mwalimu ndiye aliyejua tunachotaka kujua, na hatukumsumbua. Sasa Rahinatu, binti wa mama muuza waakye, ule wali wa kunde, kule mtaa wa Zongo, akainua kichwa kutoka sakafuni, ambako huandika akiwa amelalia tumbo, akauliza: "Madam, viti vyote vya mji huu viko wapi?" Swali hilo halimo katika mtaala. Isitoshe, sheria ya kila mtoto kuja na kiti chake kutoka nyumbani niliipendekeza mimi mwenyewe kikaoni. Mwenye kiti alete, asiye nacho asilete. Sijui mtu anataka haki gani tena.

2. Badala ya kumnyamazisha, Madam aliwatoa wakatembee mjini wakatafute jibu. Wakafika kwenye ghala langu. Mlinzi wangu Atta akawafungulia, eti "Bosi, si watoto wa shule tu?" Aliyemwonyesha ufunguo ulipo ni Serwaa, binti yangu wa kumzaa! Wakaviona viti vyangu, vimepangwa hadi darini. Nilipofika, wakaniuliza Jumatatu huwa vinafanya nini. Nikawajibu kwa upole kwamba vinapumzika. Rahinatu akaandika, kisha akauliza: "Vimechoka na nini, Mzee?"

3. Wamechora ukutani, upande unaotazama barabara. Kushoto, marehemu kalala na mji mzima umemzunguka, umekaa vitini. Kulia, watoto wazima, wako chini. Wapita njia wanacheka. Nilimweleza Madam kwamba picha ina makosa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakalii kiti. Akasema, "Ahsante, Opanyin, nitawaambia watoto waongeze hilo." Na wameongeza.

4. Jumamosi, kwenye matanga makubwa ya ukoo wa Asona, mshereheshaji alikuwa anatangaza michango kwenye kipaza sauti kama kawaida, mara akasema: "Na viti ni vya Opanyin Agyekum, tuvikalie taratibu jamani, kesho kutwa vina mapumziko!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mjane alicheka, Mwalimu Mkuu. Nani atakodi viti vinavyochekesha wajane?

5. Serwaa amekiacha kiti chake na kukaa sakafuni na wenzake. Nyumbani nako anakula chini. Nilipomwambia akae kitini alinijibu, "Baba, kwanza niambie Rahinatu akae wapi." Sasa Rahinatu mwenyewe ameacha kuja shule. Mama yake kasema kama ni kukaa chini tu, basi bora akae penye sufuria la waakye, angalau auze. Mimi naona mama huyo amesema sawa kabisa. Lakini tangu siku hiyo binti yangu hasemi nami, na fufu anaiangalia tu mpaka inapoa. Hilo linaniuma, sitakuficha.

Tumeimba miaka yote kwamba watoto ni viongozi wa kesho. Kesho, Mwalimu Mkuu! Hakuna aliyesema leo asubuhi.

Nawe usicheke peke yako huko ofisini. Leo wameulizia viti vyangu. Wakimaliza watauliza kwa nini choo chenye mlango ni cha walimu. Halafu watauliza mihogo ya shamba la shule, wanalolipalilia wao kila Ijumaa, huishia kwenye kinu cha fufu cha nani. Nakuomba ufikirie kinu chako.

Kwa hiyo naomba Madam Dzifa ahamishiwe mahali ambapo watoto hawana macho. Naomba pia kila swali la mtoto lipitie kwanza kamati ya wazazi, na wanaotaka haki wasubiri wakue. Sisi tulisubiri, na mpaka leo tunaendelea vizuri na kusubiri.

Nisalimie mama watoto, bwana mkubwa wa elimu wa Kumasi akija, na walimu wote kasoro mmoja.

Wako katika kamati,
Opanyin Agyekum

N.B. Jumatatu asubuhi Atta ataleta lori la viti. Usidhani nimeshindwa, ghala langu linavuja. Ijumaa jioni vinarudi kwangu kwa ajili ya matanga, Jumatatu vinakuja tena, na hivyo hivyo mpaka dari ikauke, na fundi sijamwita. Kile chenye mikono, anachokalia mjane matangani, asikiguse mtu. Nimekwenda mwenyewe Zongo nikanunua waakye, nikamwambia Rahinatu kwamba kinamngoja. Akaniuliza kwa nini hakikumngoja tangu mwaka jana. Tafadhali mwambie Madam Dzifa amjibu.