Kufuli la Fundi Zipora

Yotham Sila,
Mwendesha Mashine ya Kusaga,
Kizota, Dodoma.

Kwa Mzee Amiri, mwenye mashine,
Sokoni Kibaigwa.

Shikamoo Mzee.

YAH: OMBI LA KUMWONDOA FUNDI ZIPORA NA KUMRUDISHA FUNDI OBEDI

Najua unahangaika na mahindi huko, lakini nikikaa kimya nitapasuka. Huyu fundi mpya uliyetuletea ananidhalilisha mbele ya wateja, kama ifuatavyo:

1. Kabla hajagusa mashine anazima swichi kubwa, anaifunga kwa kufuli lake, na ufunguo anautia mfukoni. Mzee, hii mashine nimeilinda miaka kumi na mmoja. Nikisema nimezima, haitoshi? Kufuli si hufungiwa mwizi?

2. Akishafunga, anajaribu kuiwasha! Eti ahakikishe imezimika. Kisha anasubiri gurudumu lisimame lenyewe, halafu analikaba kwa kipande cha mbao. Muda huo Obedi angekuwa ameshamaliza. Obedi alitengeneza mashine huku inaunguruma, tena kwa vidole vyake saba tu.

3. Hata umeme ukikatika Kizota nzima, anafunga. Anafungia nini, upepo?

4. Kwenye kufuli ananing'iniza kadi yenye picha yake, jina na tarehe: "USIWASHE. NIPO NDANI." Jumatatu akina mama wa Nkuhungu waliiona picha wakadhani ni tangazo la msiba. Walishusha ndoo, wakaanzisha pambio. Zipora alipochomoza nyuma ya mashine, mweupe kwa unga, walitawanyika na mahindi wakayaacha.

Leo kafunga swichi. Kesho atafunga mlango, na keshokutwa atanifunga mimi na kunivika kadi shingoni. Naomba aondoke kabla ya Ijumaa.

Msalimie mama Salwa, na wapakiaji wote wa magunia.

Mtiifu wako usiyemwamini,
Yotham.

Tanbihi: Barua imechelewa kidogo. Jana umeme ulikatika, Zipora akafunga kama kawaida yake, akaniita nimsaidie kubadilisha chekeche. Mkono wangu ukiwa ndani hadi kwenye kiwiko, umeme ukarudi. Mama mmoja aliyechoka kusubiri akaenda kuipandisha swichi. Alihangaika nayo weee, kufuli likamkatalia. Mzee, niliogopa mpaka nikakaa chini. Haya maneno nayaandika kwa mkono huohuo, una vidole vyote vitano. Zipora asiondoke. Na mimi naomba uninunulie kufuli langu. Picha mbili za pasipoti nimeziambatisha.