Miaka Niliyomkata Mzee Severin

Jumapili, 8 Machi 2015

Manispaa wamebandika karatasi mlangoni. Nyumba hii ya Al Qusais, huku ughaibuni, ni ya familia, sisi wanaume tisa si familia, tuondoke ndani ya siku saba. Wenzangu wamechanganyikiwa. Mimi Shomari, niliyelala Muscat na Doha, nitishwe na karatasi na gundi?

Ila Mzee Severin kanitia simanzi. Mlinzi wa ghala, magoti yamekwisha, ngazi hapandi. Kasema akikosa pa kulala atarudi Musoma, na huko hakuna anayemngoja.

Nimemwambia atulie. Bi Alya, mjane wa Kizanzibari kule Al Mankhool, ana vyumba vya chini. Anawapangisha waliotimiza hamsini na tano tu. Severin ana sitini na tatu. Khalas, yamekwisha!

Jumatatu, 9 Machi

Si khalas. Bi Alya kadai kitambulisho. Kimeandikwa 1967! Kasema huyu ni mdogo kuliko kifungua mimba wake; leo akiingia wa arobaini na nane, kesho atakuja wa ishirini na redio yake.

Nikakumbuka. Mwaka 2008 ajenti wa kazi alikuwa hataki wazee, nami nikamshauri Severin apunguze miaka kumi na tano. Nilijisifu mwezi mzima.

Njiani hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 11 Machi

Dada yake katuma picha ya cheti cha ubatizo: 1952. Ushahidi wa kanisa! Lakini yule bibi mgumu, nikaona tuongeze uzito. Jaafar wa duka la fotokopi kageuza 5 ikawa 4. Nani atamfukuza mzee wa sabini na tatu? Severin sijamwambia. Mshangao mzuri.

Alhamisi, 12 Machi

Bi Alya kavaa miwani. Kaweka 1967 huku, 1942 kule, kauliza huyu ni mtu mmoja au baba na mwanawe. Nikaanza kumweleza kuhusu kalenda ya kanisa, ambayo siijui.

Severin kanishika mkono, kasema nyamaza, mdogo wangu. Kisha kamwambia Bibi kwamba alizaliwa 1952, kamzika mkewe 2006, miaka kaipunguza mwenyewe kwa kutafuta kazi, asilaumiwe mtu.

Mwenyewe! Hakunitaja. Nilitazama feni muda mrefu.

Bi Alya kavua miwani. Kasema kanuni hii kaitunga yeye, ili wazee wapate utulivu, siyo ili mzee alale nje. Kampa chumba. Cheti changu cha fotokopi kakirudisha kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 14 Machi

Nimembebea godoro. Kalala palepale, na viatu, kama mtoto mchanga.

Bi Alya kanipa chai, kauliza, na wewe mwanangu, unalala wapi? Kasema kila mzee anaruhusiwa msaidizi kijana. Nije na jina langu na umri wangu wa kweli, basi.

Msaidizi! Mtu mzima kama mimi? Nikamwambia nilisomea uuguzi Muscat.

Severin kafumbua jicho, kalifumba tena. Bi Alya kafurahi mno. Kesho asubuhi nianze kumchoma yeye insulini, kisha wazee wenzake watano.

Nimenunua sindano na machungwa manne ya kujifunzia. La kwanza limevuja lote. Mkono wangu hauna tatizo. Lilikuwa chungwa dhaifu.