Buibui wa Darini Warudishwe

Kwa Mheshimiwa Meya,

YAH: KUZUIA FUNGUO ZA KIWANDA CHA BIA KUKABIDHIWA MTU MSAFI KUPITA KIASI

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni Odilon Verhasselt, mpika bia wa bonde la mto Zenne, yule uliyemwona kwenye maandamano ya farasi akiwa amekaa juu ya pipa. Sijambo, isipokuwa nyonga. Nasikia Jumapili utakuja kumkabidhi mpwa wangu Hadewych funguo za kiwanda chetu, mbele ya padri na bendi ya matarumbeta. Naomba kwa unyenyekevu usije. Au ukija, uje kunywa tu.

Sina mtoto, Mheshimiwa, na katika ukoo mzima ni huyu tu aliyekubali kushika mwiko. Ndiyo maana naumia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alifagia dari. Unajua mwenyewe sisi hatutii hamira ya dukani. Maji ya ngano na shayiri yakishachemka tunayamwaga kwenye sinia la shaba kule darini, tunafungua madirisha, tunakwenda kulala, na hewa ya bondeni inaingia kuyachachusha. Vumbi lile na utando ule wa buibui ndio wafanyakazi wangu wa siku nyingi kuliko wote. Mwaka juzi, majira ya baridi, nikiwa nimelazwa kwa ajili ya nyonga, Hadewych akapanda na ufagio. Nilipomuuliza buibui wako wapi, akanijibu, "Mjomba, nimewahamishia chumba cha mapipa, mmoja mmoja, kwa glasi. Huko ndiko kwenye nzi." Kwa glasi! Glasi zetu za kunywea!

2. Aliziba paa. Vigae vilivyopasuka tangu enzi za babu amevibadilisha. Upepo uliokuwa ukiingia kama mtu wa nyumbani sasa unabisha hodi. Eti mvua ilikuwa inadondokea bia. Ilidondoka miaka yote na hakuna aliyelalamika, isipokuwa shangazi Philomène, na yeye alilalamikia kila kitu.

3. Hafuati kalenda. Sisi huanza kupika sikukuu ya Watakatifu Wote ikishapita. Yeye huchungulia kipimajoto, na usiku ukiwa na joto anazima moto na kwenda zake kuendesha baiskeli. "Mjomba wangu, baridi imeacha kuja kwa tarehe zako. Tukipika na joto hili tutapata siki ya kachumbari." Sasa kama tatizo ni baridi, kwa nini manispaa isiiandikie barua? Sisi mnatuandikia kila mara kuhusu takataka.

4. Jirani yetu Gustaaf ameuza ng'ombe, na zizi lake limekuwa ukumbi wa watu wa kunyoosha viungo. Hili si kosa la Hadewych, ila alikwenda kunyoosha. Harufu ya samadi ilikuwa nusu ya utamu wa bia yetu. Manispaa inunue ng'ombe wachache na kuwafunga upande unakotokea upepo.

5. Kwa hiyo itungwe sheria ndogo: hewa ya bonde itangazwe kuwa urithi, na kuanzia Oktoba hadi Machi mwananchi yeyote asifagie, asipake rangi, asianike nguo zenye manukato, wala asipumue kwa nguvu karibu na madirisha yangu bila kibali. Wenye mafua wahamie Brussels.

Cheka ukitaka, lakini naogopa. Viwanda vya bia hii nilivyovijua utotoni vimefungwa kimoja baada ya kingine, na sitaki chetu kife kwa sabuni.

Usije ukadhani ni kelele za uzee. Chupa ya ushahidi imetangulia asubuhi hii kwa mkono wa Gustaaf. Imetoka kwenye pipa la karibu na ngazi, lililojazwa kabla ufagio haujaingia. Inakata ulimi kidogo, inanukia nyasi kavu na maganda ya tofaa, na ukiimeza unatamani mkate, jibini laini na figili. Jana nilipoionja nililia. Hiyo ndiyo bia ya babu. Siku msafi yeyote akipika kama hiyo, nitampa funguo kwa mikono yangu mwenyewe.

Nisalimie mkeo, mama mkwe, karani wa dirisha la pili, na njiwa wako wa mashindano.

Wako mwenye uchungu na uchachu,
Odilon Verhasselt

N.B. Hadewych amekuja kuchukua barua aipeleke posta, akaniuliza Gustaaf amebeba chupa ya pipa gani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba jamani! La zamani lilivuja ukiwa hospitali. Hilo la karibu na ngazi nimelijaza mimi, baada ya kufagia. Hukuona tarehe niliyoiandika kwa chaki?" Nimekwenda kuangalia. Mwandiko ni wake. Funguo nimeshampa, palepale jikoni, mikono yake ikiwa na sabuni. Kama chupa hujaifungua, naiomba. Barua naituma hivyo hivyo, maana suala la ng'ombe liko palepale.