Matanga ya Rogers wa Blenda

Rogers alipomsikia Mwanvita akilalamika kwamba blenda yake imeungua, alinusa hela. Kijana huyu wa Tabora alikuwa na kibanda pale Msamvu, na ulimi wa kumuuzia samaki maji.

"Chukua hii mpya, mtani wangu. Wiki nzima bure! Bonyeza hapa kwenye simu yako, basi."

Mwanvita, muuza juisi wa kutoka Kinole, akabonyeza. Wenzake nao wakajipanga foleni. Wahenga walisema bure ghali, lakini penye cha bure nani huwasikiliza wahenga? Kubonyeza kule kulikuwa kukubali kwamba baada ya wiki, pesa za kwenye simu zingekatwa elfu tano kila siku, ziingie kwa Rogers, mpaka aipokee mashine kwa mkono wake na kufuta jina lako.

Siku ya kurudisha ilipofika, bwana mkubwa alifunga kibanda, akazima simu, akajichimbia gesti ya ng'ambo ya barabara, akichungulia dirishani. Mwanamume mzima, na ndevu zake, anawakimbia akina mama wenye blenda!

Mwanvita aligonga, akaita, akapiga simu. Kuanzia kesho mtaji wake wa mananasi ungeliwa na makato. Kisha akakumbuka: yeye Mluguru, Rogers Mnyamwezi, na mtani msibani hazuiwi na mtu kufanya mzaha wake.

Akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio. "Uwiii! Mtani wetu Rogers katutoka!"

Wenzake wakaelewa. Mkeka ukatandikwa mbele ya kibanda, blenda zikapangwa juu yake, sinia la rambirambi likawekwa.

"Marehemu alikuwa na maneno matamu," mmoja akalia.

"Kazi ndiyo hakuwa nayo!" mwingine akaitikia.

Wapita njia wakacheka, wakachanga. Kule dirishani Rogers naye alicheka, mpaka alipoona noti zinaongezeka. Aibu hakuumbwa nayo, ila tamaa alipewa ya watu kumi. Akashuka mbio na vesti.

"Mimi mzima! Na hizo rambirambi ni zangu!"

Mwanvita akambandika blenda mikononi. "Kama mzima, pokea, ufute jina langu. Kama maiti, maji ya kukuoshea yanachemka."

Umati ulishamzingira. Akafuta jina la Mwanvita, kisha la kila mwenye blenda, jasho likimtoka kama aliyebeba gunia. Alipomaliza akanyoosha mkono kwenye sinia.

Mwanvita akalivuta kwake. "Hizi za ubwabwa wa matanga, tutakula na waliochanga."

"Na mimi?"

"Pole, mtani. Marehemu hali ubwabwa."