Babu Anatafuta Jina

Jumatatu, 14 Oktoba

Aibu! Danbi, mjukuu wangu wa mwaka na miezi saba, amemwita bibi yake mzaa mama "Hammi". Neno lenyewe kwa Kikorea chetu ni halmoni, yaani bibi, lakini nani anajali? Bibi huyo alikuja tu kutoka Mokpo na dagaa wake wakavu, siku mbili, kashinda. Mimi ninayeishi na mtoto nyumba moja sina jina! Jumamosi natimiza miaka sabini, ukoo mzima unakuja. Asiponiita harabeoji, babu, mbele yao, uso nitauficha wapi?

Jumanne, 15 Oktoba

Somo la kwanza. Ha-ra-beo-ji. Danbi akanitazama, akasema "ppang". Mkate! Nikampa mkate.

Yerim, mke wa mwanangu, kazi yake ni kuwasaidia watoto wanaochelewa kusema. Akacheka. Eti baba, hiyo r itakuja mwisho kabisa, watoto wetu huanza na sauti za kubana koo: pp, tt, kk, jj. Eti nisubiri mwaka mzima. Mwaka! Na Hammi atambe tu?

Alhamisi, 17 Oktoba

Mbinu mpya: biskuti za mchele. Najipiga kifua, nataja jina langu, nampa moja. Anaidondosha, anaiokota, anataka kula. Nampokonya: "Jjijji!" Uchafu huo! Nimelisema hilo mara mia leo, koo limekauka. Jina langu, labda mara sita. Lakini sasa akiniona tu anafungua mdomo. Bado kidogo!

Jumamosi, 19 Oktoba

Watu arobaini. Nikashika maikrofoni, nikatangaza kwamba mjukuu wangu ana neno. Danbi, huyu ni nani? Akaninyooshea kidole, akapaza sauti:

"Jjijji!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Miaka sabini, naitwa uchafu! Hammi alicheka hadi akashika meza. Akanipongeza: eti mkwe mwenzangu, jina umepata, tena lako kalitamka vizuri kuliko langu. Niliumia, sikatai. Keki sikuigusa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetafakari. Kosa ni la biskuti. Hammi anarudi mwezi ujao kutengeneza kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, ya majira ya baridi, naye atapata jina linalomfaa: "eungga". Kinyesi! Neno jepesi, halina r. Nimemkalisha Danbi mbele yangu, macho kwa macho, nikalisema mara ishirini. Kalishika papo hapo! Tangu mchana ananifuata nyumba nzima akiniita hivyo. Nadhani anafanya mazoezi.