Ugonjwa wa Wauza Chisense

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nina miaka sitini na mmoja. Nilifundisha sarufi miaka thelathini; sasa ninasoma sayansi ya ubongo, mwaka wa pili, chuo kikuu, kwa njia ya simu. Kazi ya wiki: kuwasomea watu kumi na wawili maneno kumi na mawili, kisha kuona wanakumbuka mangapi. Ripoti ikikataliwa, narudia mwaka. Débora, binti wa marehemu mdogo wangu, tuko naye darasa moja. Ameshamaliza. Ananishauri niwaulize watu walifikiri nini. Mtoto niliyemfundisha kusoma!

Jumanne, 5 Agosti
Sokoni Kashikishi, kwa wauza chisense, dagaa wa ziwa letu. Mama Esnart aliuliza kwanza kama nitampasua kichwa. Nikamtuliza, nikamsomea. Akakumbuka tisa. Kisha akatabasamu, akaongeza mawili ambayo sikuyataja kamwe: sabuni na mbuzi. Ajabu! Mama Arlène naye: kumi sahihi, mawili ya uongo. Wote kumi na wawili hivyo hivyo! Kumbukumbu za uongo, daima mwishoni. Hakuna kitabu changu kinachosema hivyo. Kwa nini?

Jumatano, 6 Agosti
Labda moshi wa kukaushia samaki. Nimekaa saa nzima kando ya moto, kisha mke wangu Laurentine akanisomea maneno. Nimekumbuka manne. Ya uongo, hakuna. Laurentine alisema, “Papa Zéphirin, ukienda sokoni leo watakununua.” Basi si moshi. Ni ugonjwa mpya. Débora akauliza tena kama nimewauliza wenyewe. Nikamjibu kwamba mgonjwa haulizwi maana ya ugonjwa wake.

Alhamisi, 7 Agosti
Débora alikwenda kununua chisense. Mama Esnart akapima kopo, kisha akatupia konzi moja juu: mbasela, nyongeza ambayo kila mteja hupewa. Débora akamuuliza habari za sabuni na mbuzi. Mama Esnart akacheka sana. “Ule mwalimu alikuja kutafuta maneno kwangu. Nimupatie ya kuhesabu tu, bila mbasela? Miye si muchoyo!”
“Baba mukubwa, andika vile,” Débora akanisihi.
Jambo zuri, nakiri. Lakini kurasa kumi na nane kuhusu ugonjwa zilikuwa tayari. Nimezituma.

Ijumaa, 8 Agosti
Profesa wetu, Bwembya, ameikataa ripoti. Ila Débora amemwandikia kunitetea, na nimepewa hadi Jumatatu nirudie jaribio. Sharti: niwaulize watu. Bila shaka!

Jumapili, 10 Agosti
Mununga, kwa wavuvi, mbali na wanawake wakarimu. Baada ya ibada nikawasomea maneno. Patson, mmoja wao, alitoa matatu, akanitazama kana kwamba zamu ni yangu kuongeza. Nikasubiri. Akatoa moja zaidi kwa kusitasita, akaguna, akanitazama tena. Wenzake vivyo hivyo! Nikafunga daftari. Nilipokuwa nikipanda basi, Patson alikuja mbio.
“Rudi, mwalimu! Bado hatuyapatana bei! Ongeza na weye!”

Jumatatu, 11 Agosti
Kurasa ishirini na mbili: upotevu wa ghafla wa kumbukumbu kwa wavuvi, ukiambatana na kukimbilia mabasi. Muda wa kuuliza maswali haukupatikana. Nimetuma saa tano. Débora atashangaa.